Tuangalie chini ya matela

Juma lililopita, baada ya mkutano, wamama watatu walinishika mkono mlangoni wakaniuliza habari moja: kitanda cha mama yangu. Kumbe habari ilikuwa imeshatembea. Mmoja alisikia nimemletea mama kitanda cha hospitali, mwingine alisikia nimetupa matela ya dola 90. Yote mawili si kweli. Na kwa sababu jambo hili linagusa migongo ya wengi wetu, naomba nafasi kidogo nilieleze.

Kwanza mgongo wenyewe. Mama yangu alibeba mizigo hapa Bukavu kwa miaka 24. Kazi hiyo mnaijua: kamba kwenye paji la uso, gunia mgongoni, kutoka bandarini mahali mitumbwi ya Idjwi inashusha chakula na makaa, kupanda mlima mpaka soko la Kadutu. Siku zingine kilo 50, siku zingine 80, na kuna wamama waliokubali 100 kwa sababu mtoto alifukuzwa darasani asubuhi ile. Ndiyo kazi iliyolipa minervali yetu, watoto watano. Diploma yangu ya pedagojia imelipwa na kamba ile.

Sasa ana miaka 61, na mgongo unadai deni lake. Asubuhi alikuwa anahitaji karibu nusu saa kabla ya kusimama wima. Tulimpeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine. Alimpa mazoezi ya kila siku, akamkataza kuinama na ndoo ya maji, kisha akauliza: mama analala juu ya nini? Tukamjibu: kirago, chini. Alitueleza kwamba zamani hata wanganga waliwaambia wagonjwa wa mgongo walale juu ya kitu kigumu sana, ubao hasa. Lakini kuna uchunguzi uliofanyika Hispania, ukatangazwa mwaka 2003, juu ya watu zaidi ya 300 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waliolalia matela yenye ugumu wa katikati walipata nafuu kuliko waliolalia matela ngumu. Mgongo, alisema, unahitaji kitu kinachokubali bega na nyonga ziingie kidogo, lakini kinachokataa kiuno kianguke.

Tukaanza kutafuta. Musi za sokoni tunazijua: mwaka wa kwanza nzuri, mwaka wa pili ina shimo katikati kama sahani. Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna jamaa ya wageni inamaliza kazi yake hapa, inauza vitu vya nyumba. Kati ya vitu hivyo kulikuwa matela ya lateksi, mita 1,20 kwa 1,90, unene wa sentimeta 16. Bei dola 90. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika, kaka zangu wakaongeza, tukainunua.

Niseme kidogo lateksi ni nini, maana sokoni neno hili linabandikwa hata juu ya musi ya kawaida iliyovikwa kitambaa kizuri. Lateksi ni maziwa ya mti wa mpira. Yanapigwa mpaka yatoe povu, yanamwagwa ndani ya chombo cha umbo, yanapikwa pamoja na salfa, yanashikana. (Kuna pia lateksi inayotengenezwa viwandani bila mti, na mara nyingi wanachanganya zote mbili.) Ukifungua kitambaa utaona matundu madogo yaliyopangwa mistari: ni alama za vyuma vya chombo. Ukibonyeza na kuachia, inarudi palepale, haisubiri. Na ni nzito. Ile yetu ilipanda ngazi za kwetu kwa nguvu za vijana wawili, mmoja akisema heri angebeba mhogo. Musi ya ukubwa huohuo ningeweza kuibeba peke yangu kichwani.

Nifungue mabano ya mwalimu wa historia. Neno mpira katika nchi yetu halijawahi kuwa neno la usingizi. Kati ya 1885 na 1908, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, mpira ulitolewa zaidi katika kamba za msituni, na ili wanaume waingie msituni kuutafuta, wake zao walikamatwa na kufungwa mpaka kilo zitimie. Nilimwambia mama habari hiyo siku matela ilipofika. Akaipiga kofi mara mbili, akasema basi na sisi tulale juu yake sasa. Nafunga mabano.

Majuma matatu yakapita. Siku moja naingia chumbani kwake saa kumi na moja asubuhi, namkuta chini, juu ya kirago, matela iko kitandani imetandikwa vizuri kama ya mgeni. Akaniambia: « Mwana wangu, hii matela yenu inanimeza. Nikilala, kiuno kinaenda chini, miguu inabakia juu. Mimi narudia kwa kirago yangu. Na musitafute ingine, musiharibu tena makuta kwa sababu yangu. »

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniumiza. Mtu aliyebeba kilo 80 ili mimi nisome anaona dola 90 ni nyingi kwa mgongo wake.

Kaka yangu mkubwa aliitisha kikao cha jamaa. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: matela ni ya Wazungu, mama hakuizoea, tuiuze, tuweke makuta kwa masomo ya watoto. Shemeji yangu alikuwa na mnunuzi tayari. Sikumpinga kaka mbele ya watu, ni mkubwa wangu. Niliomba tu Jumamosi moja. Nikamwambia: yaya, kama Jumamosi ikipita bila sababu kuonekana, mimi mwenyewe nitaibeba mpaka kwa mnunuzi. Akacheka, akakubali.

Jumamosi nilichukua mita yangu ya darasani, tukainua matela. Kitanda kilikuwa kile tulichokuwa nacho nyumbani tangu zamani, kilitengenezwa kwa ajili ya musi. Chini kulikuwa na mbao saba za kukatisha, zile ambazo mafundi wanaziita malate. Kila moja upana wa sentimeta 10, unene wa sentimeta moja tu, na mbili zilikuwa zimepasuka. Hesabu mtoto wa darasa la sita anaiweza: mbao saba mara 10 ni 70. Urefu wa kitanda ni 190, basi nafasi tupu ni 120. Kati ya mbao saba kuna nafasi sita. Kila nafasi ni sentimeta 20. Mkono wangu na kiwiko vilipita bila kugusa kitu. Na mbao zilizopasuka zilikuwa wapi? Palepale kiuno kinapolala.

Musi nyepesi na mpya inaweza kuvuka nafasi kama hizo kwa muda, kwa sababu inasimama kidogo kama kipande cha mkate. Lateksi haiwezi. Ni laini kwa kujikunja, unaweza kuikunja kama chapati, na uzito wake mwenyewe unaivuta chini. Ikipata nafasi ya sentimeta 20 inaingia humo, na anayelala juu yake anaingia pamoja nayo. Matela ya namna hii haina mifupa, mifupa yake ni kitanda. Ndiyo sababu watu wanaoitengeneza wanataka nafasi kati ya malate isipite karibu sentimeta 7, na wengine wanaomba 5.

Nilikwenda kwa menizie wetu. Mtu mzuri, mikono safi, lakini ana kanuni zake. Aliniambia: « Madamu, kitanda cha mita moja na ishirini tunaweka saba. Ukitaka sana, kumi. » Nikamwambia nataka 16. Akaniangalia kama mtu anayetaka milango 16 kwa nyumba moja. Nikachukua chaki, nikaandika juu ya ubao wake: late la sentimeta 7, nafasi ya 5. Malate 16 mara 7 ni 112, nafasi 15 mara 5 ni 75. Jumla 187. Zinabaki 3 za kugawanya kichwani na miguuni. Akasoma mara mbili, akasema sawa, lakini ataweka za unene wa sentimeta moja ili bei isipande.

Hapo sikukubali. Unene ndio unaofanya kazi kubwa, kuliko upana. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, haupati nguvu mara mbili ya kukataa kupinda, unapata mara nane. Aliona ni maneno ya shule. Basi tukaweka vipande viwili vya mkalitusi juu ya matofali, kimoja cha sentimeta moja na kingine cha mbili, nikamwomba akae juu ya kila kimoja. Cha kwanza kilishuka mpaka akaogopa, akaruka. Cha pili kilisogea kidogo tu. Wanafunzi wake wawili walicheka, na bei tukaielewana haraka.

Jambo lingine nililoomba ni mti wa katikati, unaotoka kichwani mpaka miguuni chini ya malate, ukiwa na miguu yake miwili inayogusa sakafu. Bila mti huo, late linavuka sentimeta 120 peke yake. Ukiuweka, linavuka 60. Wamama wenye vitanda vya 140 na 160, mnaolala wawili na mtoto mdogo katikati, msikubali kitanda bila mti huo. Wengi wetu tunamlaumu mume kwamba ni mzito, usiku unavingirika kwake. Mara nyingi ni mti wa katikati unaokosekana.

Tulitumia mbao sita za mita nne. Kila moja ilitoa malate matatu, na vipande vya sentimeta 40 vilivyobaki tuliviunganisha viwili viwili vikawa miguu ya mti wa katikati. Mkalitusi ni ngumu na bei yake inafaa, lakini mkikubali mbichi itapinda ndani ya kitanda na kuvuta misumari. Uliza imekatwa lini. Ukiinusa na kuishika utajua: mbichi ni nzito, ni baridi, harufu yake bado kali. Nilipenda malate yashikwe kwa visi badala ya misumari. Msumari unalegea, kitanda kinaanza kuimba, na mama mwenye usingizi mwepesi anaamka kila anapogeuka. Pembe zote zilipigwa msasa, maana kitambaa cha matela kinachanika kirahisi. Yote pamoja, mbao, visi na kazi, dola 27.

Dada mmoja aliniuliza kwa nini nisingeweka tripleksi nzima juu ya mbao za zamani, ikawa kazi ya saa moja. Ni swali zuri, na kweli tripleksi inashikilia vizuri. Shida ni pumzi. Mtu anatoa jasho usiku, unyevu unashuka ndani ya matela na unatafuta pa kutokea. Hapa kwetu, mvua ikianza mwezi wa tisa, hata viatu kabatini vinaota ukungu. Matela juu ya ubao usio na tundu inakuwa na madoa meusi upande wa chini, na wewe huyaoni kwa sababu hakuna anayeinua. Kama huna njia nyingine ila tripleksi, itoboe matundu mengi, na kila juma usimamishe matela ukutani kwa nusu siku. Kuiweka moja kwa moja juu ya simenti ni vibaya zaidi. Kirago chembamba juu ya malate hakina shida, kinapumua. Mama alikitaka kirago chake kiwe pale, na mimi sikuona sababu ya kukataa.

Wale wanaotumia paleti za depo, inawezekana pia, lakini pima nafasi, na ongeza mbao mahali ni wazi sana. Angalia na muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto ili kuua wadudu. MB maana yake zilitiwa gesi ya sumu. Hizo usiingize chumbani. Kitanda cha chuma chenye springi nisingekichagua kwa lateksi: springi juu ya mpira ni machela, mwili wote unafanya upinde.

Kuna kimo pia, na hili kwa wazee ni nusu ya kazi. Mama yangu, kutoka sakafu mpaka nyuma ya goti, ni sentimeta 43. Akikaa pembeni ya matela, inashuka karibu 5. Matela ni 16. Basi juu ya malate iwe 32: 32 na 16 ni 48, toa 5, unapata 43. Anakaa, nyayo zote ziko chini, anasukuma kwa mikono, anasimama bila kumwita mtu. Kitanda cha zamani kilikuwa kirefu sana, alikuwa anashuka kama mtu anayetoka kwenye lori.

Na sasa mambo mawili ambayo desturi yetu inayaharibu. Jumamosi tunatoa matela nje, tunazianika juani. Musi, sawa. Lateksi, hapana. Jua linaila. Angalia elastiki iliyosahaulika dirishani: inakuwa ya njano, ngumu, halafu ukiivuta inakatika kama mkate mkavu. Lateksi inafanya vilevile. Ipe hewa kivulini, dirisha wazi, inatosha. La pili ni petroli. Tunapaka petroli vitandani kwa ajili ya kunguni, mama zetu walifanya hivyo. Petroli inavimbisha mpira na kuuharibu, tena ni hatari ya moto. Kwa kunguni, maji yanayochemka katika viungo vya mbao kabla ya kurudisha matela, na mashuka yapikwe. Ni kazi, najua.

Kitanda kiliingia ndani siku ya Jumatano. Tulitandika, nikamwomba mama alale chali, nikapitisha mkono chini ya kiuno. Mkono uliingia kwa shida kidogo na kujaza nafasi, hapo ni vizuri. Ungepita bure, matela ingekuwa ngumu mno kwake. Usingeingia kabisa, angekuwa anazama. Kisha alilala ubavu, na mtoto wangu akashika fimbo ya fagio sambamba na uti wa mgongo. Kutoka shingoni mpaka mkiani, karibu mstari mmoja. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu juu ya mnunuzi. Aliuliza tu kama menizie anaweza kumfanyia kitanda chake vilevile, na kama atahesabu malate mwenyewe au nimwandikie.

Mgongo wa mama haukupona, nisiwadanganye. Miaka 24 ya kamba haiondolewi na mbao 16. Siku za baridi bado analia anapoinama, na mazoezi ya kine anayakwepa kama mtoto anavyokwepa dawa. Lakini analala tangu saa tatu mpaka saa kumi, na asubuhi anasimama ndani ya dakika chache. Usiku wa kwanza alisimamia mlangoni akaniuliza tena gharama. Nilimwambia dola 27. Akanyamaza, akasema: « Hiyo ni kidogo. » Ni mara ya kwanza nasikia neno hilo kinywani mwake juu ya kitu chake.

Kwa walioomba vipimo: kitanda cha urefu wa 190 na malate ya upana wa 10, weka 13 na nafasi za 5, inatimia sawasawa. Kitanda cha mita 2 na malate ya 7, weka 17 na nafasi za 5, inabaki sentimeta moja. Mbao ziwe na unene wa 2, na mti wa katikati usisahauliwe. Mita yangu naikopesha, iko ofisini kwa katibu wetu. Irudi kabla ya Jumatatu, darasa la tano tunaanza vipimo vya urefu.